Kikundi: Nyumbani Newala

Da Zuhura: Assalam alaikum ndugu zangu. Nimeshuka Mtwara jana usiku kutoka Newala. Baba hajambo, ni miguu tu. Safari hii nimemuuliza lile tunaloliogopa wote: mali zake anataka ziweje, aseme mwenyewe kwa kinywa chake.

Hamisi: Wa alaikum salaam. Shikamoo dada. Hatutaonekana tunamchuria mzee? Watu watasema tumeanza kugawana na mwenyewe yu hai.

Da Zuhura: Marahaba. Nami niliogopa hivyohivyo, nikaanzia mbali, kwenye msiba wa baba mkubwa. Mnakumbuka mkewe alivyohangaika na mirathi? Mara muhtasari wa kikao cha ukoo umekosa sahihi, mara jina la cheti cha kifo halifanani na la benki. Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Lete kopo."

Mwanaidi: Kopo la maziwa ya unga, lile la uvunguni. Mimi ninayeishi naye sijapata kuliona likifunguliwa. Mna stakabadhi za korosho zimefungwa kwa katani, na karatasi ya daftari aliyonunulia shamba la bondeni mwaka 1987. Wino umefifia, umekuwa rangi ya chai. Dole gumba la muuzaji bado linaonekana, mistari yote.

Hamisi: Mashahidi?

Mwanaidi: Watatu. Wawili wametangulia. Aliyebaki ni yule mzee wa karibu na kisima, kumbukumbu zake bado nzuri.

Da Zuhura: Ndiyo maana sitaki tungoje. Hati ya kimila ya kumiliki ardhi inatolewa na kijiji, na majirani wa mpakani wanatakiwa waje waonyeshe mipaka. Leo wapo.

Kaka Saidi: Na shamba la juu, lenye mikorosho mingi?

Mjomba Selemani: Wanangu, niwieni radhi naingilia. Shamba la juu si la shemeji. Kuanzia kwenye mwembe hadi minyaa ni la dada yangu, alipewa na mama yetu. Baba yenu amelipalilia na kulipulizia salfa miaka yote, jasho lake lipo, hakuna anayekataa. Ila ardhi ni ya upande wetu, na zamani Wamakonde tulifuata ukoo wa mama.

Da Zuhura: Shikamoo mjomba. Hujaingilia. Baba kasema hayohayo. Alijikongoja na fimbo hadi kwenye mwembe, akagonga shina mara mbili: "Kuanzia hapa mimi ni mgeni wa mama yenu." Lakini kwenye chama cha msingi, kile cha ushirika tunakouzia korosho, mashamba yote mawili yako kwa jina lake, na malipo yanaingia akaunti yake. Akiondoka leo, karatasi zitasema vyote ni vyake. Kama mjane, mama ataambiwa achukue thumuni ya kitu ambacho ni chake chote. Nimekosa usingizi kwa hili.

Hamisi: Kumbe. Mimi miaka yote nahesabu la juu kuwa la baba.

Kaka Saidi: Hata mimi. Na nyumba ya Chikongola? Baba aliwahi kuniambia ni ya Mwanaidi, kwa kuwa ndiye anayemuuguza.

Da Zuhura: Nilimuuliza shekhe. Wasia usizidi theluthi ya mali, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Kama baba anataka nyumba iwe ya Mwanaidi, ampe hiba, yaani zawadi, sasa akiwa na afya, amkabidhi kabisa, iandikwe mbele ya mashahidi. Asisubiri kitanda cha maradhi.

Mwanaidi: Mimi sijaomba nyumba. Naomba mama aandikwe kwanza.

Kaka Saidi: Nyumba mimi naridhia. Ila baba aseme mbele yetu sote, si kwenye simu.

Da Zuhura: Sawa kaka. Tupande Newala Jumamosi ijayo. Shamba la mama litenganishwe kwanza, kijijini na kwenye chama. Wasia utafuata, tutauhifadhi RITA, wakala wa serikali unaotunza wasia. Akiwa hai anaweza kuubadilisha wakati wowote, hilo nimemwambia na uso ukamfunguka.

Mjomba Selemani: Yule mzee wa kisimani nitakuja naye mimi. Bodaboda yake nalipa.

Mwanaidi: Nimemsomea mama haya yote. Hakusema neno. Kachukua panga, yuko kwenye tupa analinoa. Anasema minyaa imeingiliwa na vichaka, mkija mpaka hamtauona.