"Zinafanana tu, chukua": wauza betri, mtatuharibia vifaa mpaka lini?

Wakuu, mnivumilie, leo nimekasirika kwelikweli.

Mizani yangu ya jikoni inatumia CR2032, ile betri bapa ya duara kama sarafu. Betri ilipoisha nikaenda dukani, nikaitaja kwa jina na namba zake zote nne. Muuzaji akachovya mkono kwenye kopo lililojaa betri zisizo na pakiti, zinasuguana chuma kwa chuma, akanipa moja. "Zinafanana tu, chukua."

Nyumbani mizani ikawaka. Nikiweka bakuli, inazimika. Nikiliondoa, inawaka. Nimefuta vyuma kwa kitambaa, nimegongagonga, karibu saa nzima imepotea. Mwisho nikaichomoa na kuimulika kwa tochi ya simu: CR2025!

Hazifanani! Namba zile hazikuwekwa kwa urembo. 20 ni upana, milimita 20. 32 ni unene, milimita 3.2, na 25 ni milimita 2.5. Zote ni volti 3, ndiyo maana mizani iliwaka, lakini hiyo nyembamba inacheza ndani, uzito kidogo tu inaachana na chuma. Mtu anayeuza betri kila siku anashindwaje kulijua hili?

Na hilo kopo nalo! Betri zikigusana hivyo zinamalizana chaji zenyewe kwa zenyewe. Unalipia mpya, unapewa iliyokwisha nusu.

Watengenezaji nao wasijifiche. Chukua LR44, betri nyingine ndogo kama kitufe: hiyo hiyo mara wanaiita AG13, mara A76, mara L1154. Halafu ipo SR44, umbo lile lile kabisa, ila ya oksidi ya fedha badala ya alkalaini. SR hushikilia volti yake karibu mpaka mwisho, LR hushuka polepole. Kwenye kifaa cha kupimia hilo si jambo dogo, na bado wanashindwa kuchapa herufi mbili kwenye mfuniko!

Za rimoti ndiyo usiseme. Pakiti inajisifu kwa maandishi makubwa kuwa ni ya kazi nzito, kumbe ni zinki-kaboni, dhaifu kuliko alkalaini. Tafuteni maandishi madogo: R03 ni zinki-kaboni, LR03 ni alkalaini. Herufi moja tu, nayo wameificha pembeni.

Kesho narudi dukani na betri yake na rula. Akiniambia tena zinafanana, nazipima zote mbili palepale juu ya kaunta, wateja wakiona.