Mjadala: Maktaba ya shule ihamie Koha, au Excel inatosha?

Rafu_ya_Nne
Tuseme maktaba ina vitabu elfu tatu, mkutubi mmoja na kompyuta mbili. Msimamo wangu: ihamie Koha, programu ya kuendesha maktaba. Jedwali halijui kuwa kitabu kimoja kina nakala sita. Halimzuii mtu mwenye vitabu vitatu vilivyopitisha tarehe asiazime cha nne. Na faili likinakiliwa kwenye kompyuta mbili, baada ya wiki hamjui lipi ndilo la kweli. Koha ni bure, na imekuwa bure tangu ilipoanzia New Zealand mwaka 1999. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, zawadi. Anayeng'ang'ania Excel anaogopa kujifunza.

Chaki
Neno "anaogopa" lirudishe mfukoni, ndugu yangu. Zawadi isiyo na fundi ni mzigo. Koha inataka seva yenye mfumo wa Debian au Ubuntu, inataka hifadhidata ya MariaDB, inataka mtu wa kuisasisha kila toleo linapotoka. Huyo mkutubi wako mmoja ndiye atakayefundisha, atakayepanga rafu na atakayekesha na seva? Excel ina mistari zaidi ya milioni moja, vitabu elfu tatu haviisumbui. Skani ISBN safu A (ile namba ya kimataifa ya kitabu), andika jina safu B, mwandishi safu C, mwazimaji safu D. Kazi imekwisha.

MtuWaSeva
"Skani ISBN safu A." Hapo hapo ndipo orodha inapokufa. Excel inadhani ISBN ni kiasi cha kujumlishwa. Tarakimu 13 zinageuka 9.78E+12, ufupisho wa namba kubwa, na ukihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana kwenye seli. Tarakimu zimekwenda, hazirudi. ISBN za zamani za tarakimu 10 ni mbaya zaidi kwa sababu hazipigi kelele: 0306406152 inabaki 306406152, sifuri ya mwanzo imeliwa na hakuna aliyeona.

Chaki
Hilo ni kosa la mtumiaji. Chagua safu nzima, iwekee muundo wa maandishi KABLA ya kuskani. Sekunde kumi.

MtuWaSeva
Muundo huo unakaa ndani ya xlsx, faili la kawaida la Excel. CSV haibebi muundo wowote. Siku utakayoifungua kwa kubofya mara mbili, Excel inakisia upya na uharibifu unaanza tena. CSV huingizwa kupitia menyu ya Data, unaleta faili la maandishi na kuiambia safu ya ISBN ni maandishi. Kisha hakiki ISBN za tarakimu 13: zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa zamu, jumlisha, jumla lazima igawanyike kwa 10. 9780306406157 inatoa 100, ni sahihi. Fomula moja inazikagua zote za tarakimu 13 kwa mpigo. Umeiweka kwenye jedwali lako, mwalimu? Ndiyo au hapana?

Chaki
Sijaja hapa kufanya mtihani.

Mkutubi_Mkongwe
Wanangu, mnagombania namba isiyo yenu. ISBN inatambulisha toleo, haitambulishi nakala. Nakala sita za kamusi moja zina ISBN moja, sasa iliyopotea ni ipi? Kila nakala ipewe namba yake ya usajili na msimbopau wake. Tanguliza herufi, M000001, hapo hata Excel haiwezi kula sifuri. Bandika kwenye jalada lenyewe, si kwenye karatasi ya juu inayovuliwa. Juu yake weka utepe usiong'aa, maana unaong'aa unarudisha mwanga na skana inakataa kusoma. Na vitabu vilivyochapwa kabla ya ISBN, na vijitabu visivyo nayo, navyo vinahesabika. Anayeanza na safu ya ISBN ameshaviacha nje.

Rafu_ya_Nne
Shikamoo mzee. Hilo ndilo Koha inalofanya: rekodi ya kitabu moja, nakala zake chini yake kwenye uga 952, sehemu ya rekodi inayotunza nakala. Na rekodi yenyewe huiandiki, unaivuta kwa Z39.50, njia ya maktaba kupeana rekodi kwa mtandao, kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mkutubi_Mkongwe
Marahaba. Ila vitabu vingi vya Kiswahili hutavikuta huko. Hivyo utaviandika kwa mkono, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Usiwaambie watu inavutwa tu.

Wino
Nimerudi kwenye "mwazimaji safu D" ya Chaki na sijaona aliyestuka. Faili hilo likiwa wazi mezani, kila apitaye anasoma jina la mwanafunzi na kitabu cha ugonjwa alichoazima. Mtoto akilijua hilo, kitabu hicho hatakigusa tena.

Chaki
Na mwalimu atajuaje nani anasoma na nani hasomi? Mnataka kumfumba macho?

Wino
Idadi inamtosha mwalimu. Vichwa vya vitabu ni vya mtoto.

Rafu_ya_Nne
Koha inalimaliza: rekodi za vitabu vilivyorudishwa zinafutwa majina.

MtuWaSeva
Haimalizi yenyewe. Kwanza unda mwanachama wa kubuni atakayeshika nafasi ya majina yaliyofutwa, kisha uandike namba yake kwenye mpangilio wa Koha uitwao AnonymousPatron. Namba ya ndani ya mfumo, si ya kadi. Wengi hukosea hapo na zoezi linagoma. Kisha panga batch_anonymise.pl, programu ndogo ya Koha inayofuta majina hayo, ijiendeshe kila usiku.

Chaki
Mmeona? Kwa mkutubi mmoja! Kwenye Excel nafuta seli ya safu D kitabu kikirudi.

Wino
Ukifuta kweli kila kinaporudi, kwa hilo nakubaliana nawe. Na faili liwe na nywila.

MtuWaSeva
Msisahau nakala rudufu, nyote wawili. Koha hutoa moja kila siku kwenye folda ya seva /var/spool/koha na kufuta za zamani, lakini ile uliyonakili kwenye flashi muhula uliopita bado ina kila jina. Faili la Excel ulilojitumia kwa barua pepe, vilevile.

Wino
Basi nani anashika flashi hiyo? Mkutubi, au ofisi ya mkuu wa shule?

Chaki
Mkuu wa shule.

Mkutubi_Mkongwe
Mkutubi. Na ifungwe kwa nywila kabla haijatoka mlangoni.