Bastola kiunoni tukienda kuwinda mbogo: inasaidia au ni mzigo tu?

Kijana wa Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaolijua pori. Julai msimu ukifunguliwa naingia kitalu cha uwindaji na mjomba wangu, upande wa Selous, na safari hii tunafuata mbogo. Yeye ni mzoefu, mimi bado mgeni. Kila mmoja ana rifle yake ya .375 na vibali viko tayari. Sasa, nina bastola ya 9mm ninayoimiliki kihalali kwa ajili ya duka langu Kariakoo, na nilikuwa nawaza niivae kiunoni kama akiba. Rifle ikigoma, au mnyama akinifikia kabla sijakoki, angalau mkono hauko mtupu. Mjomba nilipomwambia alicheka tu, hakueleza kwa nini. Nielewesheni.

Mkaa Gerezani:
Mbogo si kibaka wa Kariakoo ndugu yangu, hatishiki ukiinua shati aone chuma 😂

Fundi Mitutu:
Acheni utani, kijana kauliza swali la maana. Mkuu, tazama hesabu. Risasi ya 9mm inatoka na nguvu ya kama jouli 500. Hiyo .375 H&H yako inatoa zaidi ya 5,500, na bado kwa wanyama hatari ndiyo kaliba ya chini inayokubalika. Mbogo dume anafika kilo 700 na ushei. Akikujia anakuletea paji lililofunikwa na kitako cha pembe, na kumsimamisha papo hapo lazima ufikie ubongo au uti wa mgongo. Hata risasi ya moyo haimwangushi hapohapo; anaweza kukufikia na kukukanyaga kabla damu haijamwishia. Sasa hiyo 9mm unataka impige wapi?

Mpenda Rivolva:
Fundi, mbona unazungumzia 9mm peke yake? Wamarekani wa Alaska wanavaa .44 Magnum kwa ajili ya dubu, na kuna .500 S&W Magnum iliyotoka 2003 inayokaribia jouli 3,500. Hata zamani kule India wawindaji wa chui milia waliokaa juu ya tembo walikuwa na bastola fupi nene za mitutu miwili, akipanda mnyama wanampiga usoni. Wazo la kijana si la kijinga.

Fundi Mitutu:
Si la kijinga, nakubali. Ila .44 unayoisifia haivuki sana jouli 1,400, na huyo wa Alaska mara nyingi anavua samaki au anatembea tu, hana rifle begani. Kijana anayo. Na hiyo .500 mpe mtu ambaye hajaizoea, tuone risasi ya pili itaenda wapi.

Mzee wa Rufiji:
Mwanangu Tabata, mimi nimestaafu uaskari wa wanyamapori. Mjomba wako kacheka kwa sababu akiba yako porini ni yeye, na akiba yake ni wewe.

Mbogo mzima asiyeguswa mara nyingi anakimbia zake. Shida ni aliyejeruhiwa. Anaingia kwenye kichaka kizito, anazunguka, anasimama pembeni ya njia yake mwenyewe anakusubiri umpite. Mbio zake ni kama mita 15 kwa sekunde. Akitoka hatua ishirini, una muda wa risasi moja, ukiwa na bahati mbili. Katika muda huo mtu mwenye bastola kiunoni anaanza kufikiria kubadilisha silaha, na hapo ndipo anapoachia rifle yenye risasi bado chembani. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi, kuliko hata udogo wa risasi yenyewe.

Mnapofuata damu mmoja anatazama chini, mwingine macho mbele na bunduki mkononi, si begani kwa mkanda. Msifuatane mstari mmoja hadi wa nyuma ashindwe kupiga. Na msikimbilie kuingia; mpeni muda alegee.

Pahali pekee ambapo ningekubaliana na bastola ni kwa chui. Huyo ni mwepesi, akikurukia anang'ang'ania, na mwenzako hawezi kupiga rifle bila kukutoboa na wewe. Mwaka 1903 kule Afrika Kusini askari wa hifadhi Harry Wolhuter aliburutwa na simba akamuua kwa kisu, kwa hiyo kitu kidogo mwilini kimewahi kuokoa mtu. Lakini hata kwa chui aliyejeruhiwa, wengi tunachukua bunduki ya marisau.

Dada Sheria:
Kaka, mnazungumza jouli mmesahau karatasi. Silaha huombewa kwa sababu maalumu, na ya kwako ni ulinzi wa duka. Kuwinda kunaangukia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, habari nyingine kabisa. Hata wageni wanaokuja na madola yao kuwinda hapa hawaruhusiwi kuingia na bastola. Ukikaguliwa nayo kitaluni, maelezo ya "nilibeba kama akiba" utayatoa ukiwa umekaa benchi la kituo. Waulize polisi waliokupa kibali na watu wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kabla ya safari, na wakujibu kwa maandishi.

Kijana wa Tabata:
Dah, hilo la karatasi sikuliwaza. Mzee shikamoo, nimekuelewa. Inabaki kwenye sefu. Ila rifle ikigoma kweli?

Mzee wa Rufiji:
Marahaba. Rifle inagoma kwa uchafu, risasi mbovu, au mwenye kukoki nusu nusu kwa woga. Yote matatu yanatibika hapo Dar. Risasi utakazobeba zipitishe moja moja chembani uone zinaingia na kutoka. Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha, simama bila kuegemea, mita 15, piga na ukoki bila kushusha kitako begani, mpaka mkono ufanye bila kuulizwa. Risasi za akiba vaa mkandani, upande wa mkono unaopakilia. Usiweke kwenye begi.

Mkaa Gerezani:
Na mtuletee kimoro, nyama kavu ya porini.