Taa za kujitengenezea za kulinda banda la kuku usiku: ipi inafaa?

Mfugaji wa Newala
Wadau, habari za jioni. Msimu wa korosho umeingia, mabibo yamezagaa chini ya mikorosho, na kwetu hiyo maana yake ni fungo. Anapenda matunda. Akishazoea kuja kuokota mabibo nyuma ya nyumba, banda la kuku haliko mbali naye. Ongeza kanu anayepita juu ya paa na kicheche anayepenya chini, na watu hapa kitongojini wanaamka asubuhi wanakuta manyoya tu. Wengi tumekimbilia taa, kwa hiyo naleta ulinganisho wa zile ninazozijua ili na nyie muongeze.

Kibatari au chemli mlangoni mwa banda: siipendekezi hata kidogo. Upepo wa huku juu uwandani unaizima kabla ya usiku wa manane, mafuta yanakula hela ya chakula cha kuku, na banda letu ni miti na makuti. Likishika moto unapoteza kuku wote, na nyumba ikiwa karibu inafuata.

Taa ndogo za sola za bustani, zile za kuchomeka ardhini: ni rahisi, zinajiwasha zenyewe giza likiingia. Ubaya wake ni mwanga uliotulia mahali pamoja. Mnyama anauogopa siku za mwanzo, kisha anagundua hauna madhara. Halafu mwanga mweupe unavuta wadudu, wadudu wanaleta vyura na mijusi, nyuma yao anakuja nyoka. Wakati wa kumbikumbi kuku wanafaidi asubuhi, hilo sikatai, ila taa ya namna hii usiiweke karibu na mlango wa banda.

Taa ya sensa, inayowaka kitu kikipita: hii naipenda kwa sababu inamshtua mnyama ghafla, na kwa kuwa haiwaki muda wote hachelewi kuiogopa wala hawahi kuizoea. Shida ni mbuzi na mbwa wa jirani, inawaka usiku kucha hadi betri inaisha alfajiri, muda ambao kanu bado yuko kazini.

Taa za kukonyeza, zinazowaka na kuzima: kwa majirani zangu ndizo zilizodumu zaidi. Ninachoomba uzoefu ni hiki: nyekundu au nyeupe? Na mnatumia nini kuzifanya zikonyeze?

Fundi Sola Masasi
Mkuu, umelinganisha vizuri. Hizo za kukonyeza zina historia yake huku kwetu Afrika Mashariki. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa pembeni ya hifadhi ya taifa ya Nairobi, alitengeneza za kwake akiwa bado mtoto ili simba wasiingie zizini kwao. Alitumia sola, betri ya gari, kifaa cha kukonyeza indiketa ya pikipiki, na taa zilizotolewa kwenye tochi mbovu. Mwaka 2013 alisimama jukwaa la TED, lile la hotuba fupi, huko Marekani kueleza alivyofanya. Alikuwa ameona kwamba akizunguka usiku na tochi simba hawasogei, kwa sababu wanadhani kuna mtu anatembea. Taa zake zinaiga huo mwendo, na hapo ndipo penye siri. Kwa hiyo ukiweka zote ziwake pamoja na kuzima pamoja sehemu moja, umepoteza nusu ya faida. Zitawanye pande zote nne za banda.

Kwa banda la kuku huhitaji betri ya gari. Betri ya pikipiki ya volti 12 inatosha kabisa. Funga LED (vile vitaa vidogo visivyokula umeme mwingi) nyekundu nne kwa mfuatano mmoja, weka rizista ya omu 330, hapo umeme unaopita ni mdogo na LED haziungui. Fanya mifuatano minne, mmoja kila upande. Kwa sababu zinawaka na kuzima, usiku mzima zinakula chini ya nusu ya ampea-saa, yaani kipimo cha umeme wa betri. Betri nzima ya ampea-saa 5 itakuvusha hata mvua ya Januari ikifunga siku kadhaa bila jua. Usisahau kidhibiti chaji kati ya sola na betri, kile kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi.

Bi Mkubwa Mikindani
Wanangu, hamjambo. Naomba niseme la kwangu maana hapa wengi mnazungumzia waya tu. Taa itazame nje! Nimeona watu wanaielekeza ndani ya banda. Kuku anahitaji giza alale. Ukimmulika usiku kucha anahangaika kichanjani, wanaanza kudonoana, na wewe unadhani ni ugonjwa. Hata wanaoongeza mwanga ili watage zaidi wanaishia saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku, mchana ukiwemo.

La pili, taa haimfukuzi chatu. Nyoka haogopi mwanga wenu. Wala panya buku anayebeba vifaranga. Hao wanazuiwa na tundu dogo. Wavu wenye matundu ya nusu inchi, na ule wa chini uulaze juu ya ardhi kuelekea nje kama mkono mmoja hivi, kisha ufukie kwa udongo na mawe. Kicheche huanza kuchimba pale pale ukutani, akikuta wavu chini ya kucha anakata tamaa.

Mwana Liwale
Shikamoo Bi Mkubwa. Umesema kweli, na mimi naongeza nyegere. Sisi huku tuko jirani na pori, tunamjua. Akiamua ameamua, anang'oa ubao. Taa mbele ya nyegere ni bure, banda lazima liwe na mbao nene na komeo la chuma. Fisi na chui ndio wanaosita wakiona taa inakonyeza, ila ukishaona nyayo za chui karibu na nyumba toa taarifa kijijini na kwa askari wa wanyamapori, usikae na taa ukasema umemaliza.

Na jamani, yule anayefikiria kutega sumu kwenye nyama aache. Inaua mbwa, inaua paka, na mtoto anaweza kuiokota.

Mstaafu wa Ugani, Nachingwea
Nijibu swali la rangi, kwa sababu linazua ubishi sana. Wanyama wengi wala nyama, paka na mbwa wakiwemo, wana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi machoni, sisi tuna tatu. Rangi nyekundu wanaiona hafifu sana. Hivyo nyekundu haiwatishi kwa ukali. Inachofanya ni kuonekana kama kitu kilichopo gizani kinachofumba na kufumbua macho. Nyeupe na buluu wanaziona vizuri zaidi, zinawapiga machoni. Faida ya nyekundu ni kwamba haivuti wadudu kama nyeupe na haiwasumbui sana kuku.

Mimi ningechanganya: nyekundu za kukonyeza pande nne, na taa moja nyeupe ya sensa upande anakopitia mnyama. Zifunge kimo cha macho ya mnyama mwenyewe. Kicheche na fungo wako chini, kiganja kimoja au viwili kutoka ardhini. Kwa kanu weka nyingine usawa wa paa, na kata matawi ya mkorosho yanayogusa banda, maana hilo ndilo daraja lake. Kila baada ya siku chache zihamishe. Ukiziacha palepale hadi mwezi uishe, watazizoea zote, za rangi yoyote.

Mchana ni habari nyingine. Mwewe anakuja jua likiwa kali. Sidii za zamani zikining'inizwa zinamsumbua kwa muda, lakini vifaranga wadogo wafungie kwenye tenga au chini ya wavu.

Mfugaji wa Newala
Ahsanteni sana, Shikamoo Bi Mkubwa na Mzee wetu. Wavu naanza nao kesho, na taa zangu nazigeuza zitazame nje. Fundi, nimepata kifaa cha indiketa cha pikipiki ya zamani lakini LED zinawaka moja kwa moja, hazizimi. Tatizo liko wapi?

Fundi Sola Masasi
Hicho ni cha kizamani. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopata moto umeme ukipita, kikijikunja kinakata. Kimetengenezwa kwa balbu zinazokula umeme mwingi, LED hazikipashi moto wa kutosha. Dukani ulizia cha pikipiki za taa za LED, chenye saketi ndani. Beba betri yako na mfuatano mmoja wa LED, mwambie muuzaji akijaribu hapo hapo kabla hujalipa.