Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza uashi nikiwa na miaka 34?

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni karani wa duka hapa Mombasa, na sikuwahi kushika mwiko hadi mwezi uliopita, nilipojaribu kupiga lipu ukuta wa choo cha mama huko Kisauni. Nilichanganya ndoo moja ya saruji na ndoo nne za mchanga, nikapaka juu ya mawe makavu, kisha nikaliachia jua la mchana. Siku ya tatu lipu ilikuwa imejaa nyufa, na nilipoigonga kwa kidole ikatoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Jirani ambaye ni fundi alicheka kwanza (haki yake), ndipo akanieleza kwamba mawe yetu ya matumbawe hunywa maji, hivyo ukuta hulowanishwa kabla ya kupigwa lipu, na lipu yenyewe humwagiliwa maji kwa takriban siku saba ili saruji ikomae.

Sasa nataka kujifunza kwa utaratibu: kupanga mawe, kusimamisha ukuta kwa timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) na kusoma pimamaji (kifaa cha kupimia usawa). Je, niombe kibarua kwa fundi siku za mwisho wa juma, nikianza na kubeba karai, au nijiunge na chuo cha ufundi nikilenga mtihani wa ufundi wa daraja la 3 wa NITA (Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani)? Nahofia kwamba kibarua anaweza kukoroga zege miaka mingi bila kukabidhiwa mwiko. Kwa aliyepitia njia hiyo, mlikubaliana vipi na fundi hata akakufundisha kweli, na ni vifaa gani ulinunua kwanza?