Vipanga (wenye akili nyingi) wasiojua kuchangamana kwenye riwaya za mapenzi na upelelezi: mwandishi gani amewachora sawasawa? Tupeane uzoefu

Kurasa Mbili: Kosa ni lile lile kila mara. Dada kipanga anavuliwa miwani, anasukwa nywele, na ghafla anajua kuongea na watu. Miwani na aibu wapi na wapi? Tajeni riwaya iliyopatia, na sababu.

Bi Maktaba: The Kiss Quotient ya Helen Hoang, 2018. Mwandishi mwenyewe ana usonji (autism), na inaonekana. Stella, mtaalamu wa takwimu za uchumi, anapelekwa kula kwa mama wa mpenzi wake. Angalieni mpangilio. Kwanza kelele: televisheni inaunguruma, piano inapigwa, kichwa kimeshajaa. Ndipo anaona chakula kinapashwa kwenye vyombo vya plastiki, anaonya kuhusu kemikali zake. Anasema kweli, kwa nia njema, mezani kwa mwenyeji! Kisha anauliza habari za baba, na hapo ndipo penye jeraha la nyumba ile. Wengi huanzia kwenye kauli mbaya. Hoang anaanzia masikioni. Ondoa kelele, Stella anabaki mtu asiye na adabu tu.

Zito: Kukosoa vyombo vya mama mkwe, nimeshika kichwa.

Mla Hadithi: Na yule mpelelezi Sherlock Holmes? Hadithi ya kwanza, 1887, hajui kwamba dunia inalizunguka jua. Ya pili, ameandika kuhusu majivu ya aina 140 za tumbaku.

Jirani Mwema: Nakataa. Yule ana kiburi, watu anawajua. Kwenye kisa cha Milverton anajifanya fundi bomba na kumchumbia mtumishi wa ndani ili apate habari za nyumba.

Mla Hadithi: Kuigiza siku chache si kuishi na watu. Bila rafiki yake Watson angekaa na nani?

Jirani Mwema: Hata Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ana Najum wake. Rafiki mmoja si kipimo.

Taa ya Usiku: Mnabishania Holmes na Ishigami yupo! The Devotion of Suspect X, Higashino, 2005. Mwalimu wa hisabati ananunua chakula dukani anakofanya kazi jirani yake Yasuko, na maneno hayavuki oda. Jioni moja Yasuko anamuua mume waliyeachana. Ishigami amesikia ukutani. Anabisha hodi, na mtu yule asiye na maneno anatoa maelekezo kamili: polisi wajibuni hivi, tiketi za sinema zitunzeni, nitapiga kutoka simu ya umma. Mapenzi yote ameyaweka kwenye mpango. Halafu ule mwili kando ya mto…

Zito: ISHIA HAPO! Wengine hatujasoma.

Bi Maktaba: Mnaoandika, mpeni mhusika fani moja anayoijua mpaka ndani, hiyo ndiyo ifumbue kesi.

Jirani Mwema: Ikifumbua kila kitu inakuwa uchawi, dada yangu. Imkwamishe. Don Tillman wa The Rosie Project, 2013: mgahawa unadai koti rasmi, yeye kavaa la Gore-Tex, kitambaa kisichopitisha maji. Anatetea ubora wake kitaalamu mpaka inakuwa vurugu na walinzi. Hoja anayo, chakula hakipati.

Kurasa Mbili: Na asiwe bubu kila mahali. Akiguswa fani yake sentensi zirefuke, asione kama msikilizaji amechoka. Kwenye salamu mkatieni neno moja.

Mla Hadithi: Taa ya Usiku, njoo inboksi. Yule rafiki wa Ishigami, mwanafizikia, anamgundua?