Tupeane uzoefu: filamu isiyo na stelingi iliyokuganda kichwani

MgosiWaNgamiani: Wagosi, salaam. Leo tuziache za ngumi na zile za kutafsiriwa na ma-DJ. Nataka zile za polepole, ambazo watu hutoka katikati wakisonya.

Naanza. Nilikuwa nasimamia kibanda umiza. Jioni moja mechi ikakatika, nikachomeka flashi yangu, Timbuktu ya Abderrahmane Sissako (2014). Dakika kumi tu: "Stelingi ni yupi hapa?" Ng'ombe anayeitwa GPS akawachekesha kidogo, kisha wakaanza kudai hela zao. Ikaja ile sehemu. Wenye bunduki wamepiga marufuku mpira, basi vijana wanacheza bila mpira. Wanapiga chenga hewa, wanapeana pasi, punda anakatiza uwanjani taratibu. Wenye bunduki wakipita na pikipiki, wanajifanya wananyoosha viungo. Banda zima kimya. Jamaa wa benchi la nyuma akasema, "Ofsaidi hiyo." Hakuna aliyecheka.

Mkwakwani_Damu: Hiyo hiyo mimi nililala. Sisemi uongo. Endeleeni.

MvukaPantoni: Aisha ya Chande Omar, 2015, imepigwa kwetu Pangani. Tabu ya kuwa mwenyeji, unatafuta nyumba unazozijua badala ya kufuata kisa. Ila pale mwanamke aliyebakwa anapotakiwa anyamaze, nilikuwa nimekaa na wajomba zangu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. (Hii ina stelingi, najua, msinifukuze.)

BintiMakorora: Yangu ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya Ubelgiji, 1975. Saa tatu na dakika 21! Niliitafuta kwa sababu mwaka 2022 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Sight and Sound waliiweka namba moja duniani. Mjane yuko jikoni, anamenya viazi, kamera haisogei. Basi.

Mama yangu ni mama lishe, naye alikuwa chini pale sebuleni anamenya mbatata za kesho. Akatupa jicho kwenye laptopu: "Ganda analitoa nene huyo, hasara." Akanyanyuka, akarudi, akakaa. Kifaransa hajui, na maandishi ya chini hayasomi. Siku ya pili ndani ya filamu viazi vinapitiliza motoni, yule mjane anazunguka na sufuria hajui aitue wapi. Mimi nilikuwa najibu meseji, sikuona kitu. Kisu cha mama kikasimama. "Huyu leo ana jambo."

Alikuwa nalo kweli. Mwisho siusemi hapa. Mama alinyamaza muda, akaniuliza, "Na yule mwanawe akirudi shule, anamkutaje mamake?" Sikuwa na jibu. Akaendelea na mbatata zake.

MgosiWaNgamiani: Binti, nitumie. Kibandani haiingii, nitaangalia nyumbani.

Mkwakwani_Damu: Saa tatu za viazi, hapana. Ila mama anauzia wapi?